Usiwapunguzie Wazee Sauti

Mwanangu Sakina,

Umevuka mto kumuaga shangazi yako kule Alunguli, na ninavyomjua hatakuachia mapema. Mimi nimefunga karakana kabla ya jioni, nimesogeza redio za watu pembeni, nimekaa na karatasi kwenye meza yetu ya kazi. Kesho asubuhi utapanda boti ya Ubundu, kisha utashika njia ya Kisangani. Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kutompa mtu simu yako akushikie, ya kuchagua pa kulala njiani, shangazi yako anakwambia sasa hivi, na atayarudia mpaka uchoke. Mimi siyagusi.

Nataka kukwambia juu ya kazi unayoiendea. Juzi mjomba wako Salumu alipokuja kula kwetu, alinawa mikono, akaketi, akaniuliza mbele yako: "Dada, mutoto amesoma mupaka amemaliza, na sasa anaenda Kisangani kufanya nini? Visanduku vya miziki vya wazee?" Neno wazee alilisema kama mtu anayetema mbegu. Wewe ulishusha macho kwenye sahani. Mimi nikampakulia wali, maana alikuwa mgeni na chakula kilikuwa mezani. Jibu lake nakuandikia wewe, ulibebe.

Ndiyo, Salumu. Anaenda kutengeneza visanduku vya miziki vya wazee. Na anayeona ni kazi ndogo, basi amesahau nyumba aliyokulia.

Salumu alikuwa mtoto mdogo wakati wa vita, pengine hakumbuki. Mimi nakumbuka. Babu yako Feruzi alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuunganisha mabehewa pale kituoni. Redio yake ya kasete aliinunua Lubumbashi enzi treni zikienda na kurudi, akaja nayo Kindu ameipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Jioni akitoka kazini alikuwa anaiwasha kabla ya kuvua viatu. Sisi watoto tulijua baba amefika kwa kusikia gitaa, si kwa kusikia mlango.

Vita vilipofika, treni ilikoma. Kisha njia za mashamba zikafungwa. Ukitoka mjini unaitwa mtu wa wapiganaji wa msituni, ukirudi unaulizwa ulikuwa kwa nani na umewaambia nini. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi wala mafuta, na siku nyingine hata sombe hatukupata. Halafu ikaja amri: kila mwenye redio aipeleke kwa askari, kwa sababu eti redio zinaongea na msitu.

Mama yangu alisema tuipeleke, tuishi. Babu yako akasema, "Kazi yangu wamechukua. Njia ya shamba wamechukua. Hii hapana."

"Feruzi, watakuua kwa juu ya kasete."

"Basi waniue na miziki yangu."

Nilikuwa msichana, pengine mdogo kuliko wewe leo. Niliwaona wote wawili wanakaribia kulia, na kila mmoja alikuwa na haki. Nikachukua kisu cha jikoni nikaifungua ile redio. Hakuna aliyenituma. Nilitoa kila kitu kilichotoka. Spika nikaifukia kwenye gunia la makaa. Sahani ya nyaya nikaishonea ndani ya mto wa kulalia. Butoni za kuzungusha nikazitia kwenye kopo la vifungo la mama. Gamba lililobaki tupu nikaliweka nyuma ya nyumba, nikalijaza nyasi, na kuku wetu wa mwisho akaingia akaatamia humo.

Askari walikuja, wakapindua vitanda, wakafika nyuma. Mmoja alimtazama kuku ndani ya lile gamba, akasema, "Hata kuku wa hapa wanasikiliza habari?" Wakacheka wote. Wakaenda, na kuku wakamchukua.

Kuivunja ilikuwa rahisi. Kuirudisha ndiko kulikonifundisha kazi. Nilichanganya nyaya, nikachoma kidole, nikaanza upya, na kila mara babu yako alikaa pembeni akinishikia skurubu kwenye kiganja. Siku ilipolia, ililia kidogo sana, kama mtu anayeongea amefunikwa. Tulikuwa tunaanika betri zilizokwisha juu ya bati zipate nguvu kidogo, na tulipiga muziki siku za mvua kubwa tu, kwa sababu mvua ikishuka juu ya bati hata jirani wa ukuta mmoja hakusikii. Mama yangu, yeye aliyetaka tuipeleke, ndiye aliyeanza kutazama mawingu. Mvua ikianza alikuwa anajifunga kitenge vizuri, anasimama katikati ya chumba, anamngoja mume wake. Walicheza wakiwa na njaa, Sakina. Niliwaona kwa macho yangu. Mimi na Salumu tulikuwa tunakaa juu ya kitanda ili wapate nafasi.

Kwa hiyo mtu asinifundishe leo kwamba muziki kwa mzee ni kitu cha kupitisha muda.

Sasa nikwambie nilivyokosea, maana unakwenda mahali ambapo watakusifu, na mtu akisifiwa haraka anasahau.

Unakumbuka bibi yako alipofariki, na macho ya babu yakaanza kuziba, na ile redio ikafa kabisa kwa sababu hakukuwa tena na kasete wala vipuri vyake. Salumu akamletea simu iliyojaa nyimbo. Alifanya kwa moyo mzuri, hilo nampa. Lakini simu ni kioo. Babu yako alikuwa anapapasa kile kioo kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Mara amempigia mtu asiyemjua, mara simu imezima. Akawa anaomba. "Mutoto, niwekee ile nyingine. Mutoto, imesimama. Mutoto, ongeza." Watoto wanakuja mara ya kwanza, mara ya pili, halafu wanajifanya hawasikii. Kisha akaacha kuita. Akawa anakaa barazani tangu asubuhi, mikono juu ya magoti, na wageni wakija wananisalimia mimi, wananiuliza mimi: "Muzee anaendelea namna gani?" na yeye amekaa palepale.

Mimi, fundi, mtoto wake, nilimtazama nikasema: uzee umefika. Nikaridhika na maneno hayo. Ni wewe uliyesema, tena ulikuwa bado unavaa sare ya shule: "Mama, Babu hajachoka na miziki. Amechoka kuomba."

Nikatengeneza kisanduku cha kwanza. Nilijisikia fundi kweli. Nilimuuliza muuguzi wa kule zahanati wazee wanahitaji nini, akaniambia kitu rahisi, kisichowachosha. Nilimuuliza Salumu, akasema nyimbo za polepole na kaswida, baba apumzishe moyo. Nilimuuliza jirani. Nikaweka butoni moja tu, nyekundu, kubwa kama kifuniko cha chupa, ya kubonyeza. Ukibonyeza wimbo unaanza. Ukibonyeza tena unakuja mwingine. Hakuna kurudi nyuma, hakuna kuchagua. Nikampa babu mbele ya watu wote wa nyumbani, nikangoja asante.

Alibonyeza. Akasikiliza kaswida moja mpaka mwisho, akasikiliza ya pili. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Kisha akanyoosha mikono akanirudishia.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekufa, Baba."

"Basi juu ya nini munanizika? Na hii butoni yenu inanivuta kama mbuzi. Inataka twende, tunaenda. Inasimama, tunasimama. Mimi nilikuwa nafunga mabehewa, mwanangu. Treni nzima ilikuwa inangoja mukono wangu."

Nilikasirika. Nikamwambia hana shukrani. Nikarudisha kile kisanduku karakana nikakitupa chini ya meza, na ningekiacha humo mpaka leo. Wewe ndiye uliyekwenda ukakaa mbele yake kwenye kigoda na kumuuliza kitu ambacho mimi sikumuuliza, mimi niliyewauliza watu wote wa mtaa: "Babu, redio yako ya zamani ulikuwa unaiwasha namna gani?"

Nilikuwa nasikia kutoka dirishani. Babu alinyanyua mkono hewani akazungusha vidole. "Nilikuwa nazungusha, inasema kya! Nazungusha tena, sauti inapanda. Pale niliiacha, pale nitaikuta kesho. Hakuna mutu wa kuniuliza."

Macho yamekwenda, lakini vidole vyake havikuwa vimesahau kitu. Kumbe alikuwa na elimu yote ya kutumia chombo, sisi ndio tulioleta chombo kisichojua elimu yake. Tukachimbua lile rundo letu la redio zilizokufa mpaka tukapata butoni za kuzungusha zenye ule mlio. Mbili. Moja ya mviringo, ya sauti. Nyingine tuliichonga pembe tatu ili mkono usiulize ni ipi, na tukaipa vituo vinavyokwama kidogo ukifika: hapa rumba, hapa kaswida, hapa redio yenyewe, habari. Ukirudisha nyuma, muziki unarudi nyuma. Memori yenye nyimbo tukaifungia ndani kwa skurubu, kwa sababu wajukuu walishaiba mbili kutia kwenye simu zao, na mmoja wao ulikuwa wewe. Waya wa kuchajia kutoka kwenye sahani ya jua tukauchagua wa mviringo, unaoingia namna yoyote utakavyoushika, asihitaji macho.

Na bado haikutosha. Alisikiliza akasema, "Huyu anaimba ndani ya blanketi. Gitaa naskia. Maneno siskii." Tukabadili spika, tukaigeuza itazame mbele. "Sasa anaimba ndani ya ndoo." Tukabadili tena. Ulinuna, mimi nilinuna, yeye hakujali. Kwa masikio ya mzee sauti nene zinafika, zile nyembamba ndizo zinazopotea, na maneno ya mwimbaji yanapotea nazo. Hatukulijua hilo kwa kusoma. Tulilijua kwa sababu mtu mmoja alikataa kutudanganya ili tufurahi. Siku maneno yalipotoka vizuri, hakusema asante hata siku hiyo. Alizungusha butoni ya mviringo mpaka mwisho, watu wakasimama barabarani.

Salumu alikuja mbio kutoka kwake. "Baba, sauti! Watu watasema nini?"

Babu yako hakupunguza. "Nilicheza na mama yako kwa kujificha kwenye mvua, juu ya kuogopa askari," akasema. "Sasa nitamuogopa Salumu?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini sikiliza kosa langu la pili, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa la kutojua, hili nilijua.

Papa Kambale, mwenye duka kubwa karibu na soko, alikiona kisanduku akakipenda. Unamjua, si mtu mbaya. Alikuja kutoka Butembo na mzigo mmoja mgongoni na leo malori yanashusha mlangoni kwake. Alitaka tumtengenezee vingi. Akakaa hapa karakana, kwenye kiti hiki nilichokalia, akasema, "Mama Mwamini, kazi yako iko muzuri sana. Kitu kimoja tu. Anayenunua njo mutoto, hapana muzee. Na mutoto hataki kelele ndani ya nyumba. Ufunge sauti. Iishie katikati."

Wewe ulikuwa na chuma cha kulehemu mkononi. Ulisema, "Papa Kambale, butoni itazunguka mpaka mwisho na sauti isipande?"

"Ee. Wazee hawatajua."

Ulinitazama. Nilimjibu Kambale tutaona, kisha nikatazama oda, nikamjibu ndiyo. Nikakwambia, "Anayelipa ndiye mwenye neno." Nakumbuka ulivyoweka chuma chini taratibu, ukanawa mikono, ukaenda kukaa na babu yako barazani. Vile visanduku vya Kambale nilivitengeneza peke yangu. Ndani ya kila kimoja nilichomelea kipande kidogo cha kuzuia sauti, na kila nilipokichomelea nilijua ninachofanya. Hukunisemesha mpaka oda ikaisha, na nilikuona wewe ndiye mkaidi.

Halafu akaja Mama Zaina.

Alitoka Tunda, juu ya pikipiki, kwenye njia ile unayoijua, mwanamke mzee hivyo, na kisanduku amekipakata chini ya kitenge kisipigwe na vumbi. Alikuwa amekwenda dukani kwa Kambale kwanza, wakamwambia fundi ni mimi. Aliingia bila kubisha akakiweka hapa mezani.

"Wewe njo ulitengeneza hii?"

"Ndiyo, Mama. Imeharibika?"

"Sijui kama imeharibika. Mutoto wangu alininunulia. Nikamuambia haisikiki. Akasema inasikika. Nikamuambia tena haisikiki. Akasema, mama, wewe njo husikii." Akavuta pumzi. "Sasa munieleze. Kama mimi njo sisikii, hii kitu mulitengenezea nani?"

Akashika butoni ya mviringo, akaizungusha mbele ya macho yangu mpaka mwisho, akairudisha, akaizungusha tena. "Ona. Mukono unasema imepanda, sikio linasema haijapanda. Siku zote nimekaa nayo najiuliza nani kati yao amekuwa mujinga. Nilifikiri akili yangu njo inaondoka."

Hapo niliona nilichokifanya. Nilikuwa nimemfanya mwanamke mzima aogope akili yake mwenyewe, ili mtoto wake akae kwa utulivu. Wale askari wa zamani walituambia wazi kwamba redio ni marufuku. Mimi nilimwachia butoni mkononi na kumfungia sauti kwa siri. Nilikuita kutoka barazani. Sikukwambia samahani mbele yake, nilikupa bisibisi tu, na wewe ulielewa. Ulifungua kisanduku, ukang'oa kile kipande, ukafunga. Mama Zaina akazungusha.

Hakulia, na mimi namshukuru kwa hilo. Aliketi akafunga macho, akaimba pamoja na mwimbaji, vibaya kabisa, mbele kidogo ya wimbo kila mara kwa sababu alikuwa anaujua. Wimbo ulipokwisha akaurudisha mwanzo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasema ana njaa, na je, huyu fundi hapiki?

Baada ya kula yeye na babu yako waliamua kwenda kwa Kambale. Mimi niliwaambia tuache, ni mambo ya biashara. Babu akasema, "Nipe fimbo yangu." Tulikwenda wote, wewe umemshika mkono babu yako, Mama Zaina mbele na kisanduku chake, na njiani wazee wengine waliokuwa wamekaa milangoni wakauliza kuna nini, na wakiambiwa wanaingia kuchukua visanduku vyao vilivyofungwa sauti, wanafuata. Wakajaa kwenye baraza ya duka.

Kambale alitoka na uso mzuri wa mwenye duka. "Mama, Papa, karibuni. Lakini mufahamu, mimi nafuata muteja."

"Muteja niko hapa," Mama Zaina akasema.

"Aliyelipa ni mutoto wako, Mama."

"Na yeye nani alimulipia?"

Kambale aliacha kutabasamu. Hata wale vijana wanaobeba mizigo waliacha magunia chini. Mama Zaina akaendelea, bila kupandisha sauti: "Nilimubeba mugongoni wakati wa vita mupaka Kibombo kwa miguu. Alikuwa analia njia yote. Kuna siku moja nilimupunguzia sauti?"

Nisikudanganye kwamba Kambale alibadilika pale. Alisema atafikiri, na kesho yake alinirudishia visanduku vyote vilivyobaki dukani, akafuta oda iliyofuata. Miezi ile ilikuwa migumu. Wewe na mimi tulikaa hapa tukang'oa vipande nilivyovichomelea, kimoja kimoja, na visanduku tukaviuza polepole kwa wazee wenyewe, waliokuja kwa miguu yao na kuvijaribu kwanza kwa masikio yao, na kugombana nasi juu ya spika. Yule mchimbaji mzee wa Pangi, aliyepoteza sikio moja kwa nyundo na mawe, alitufanya tubadilishe mara ngapi? Alikuwa na haki kila mara.

Na Kambale mwenyewe alirudi baadaye, peke yake, hakukaa. Mama yake yuko kule kwao, na njia zimekuwa mbaya tena, vita vingine vimezikata, amemaliza muda mrefu hajamuona. Alitaka kisanduku kimoja, atafute mtu wa kumfikishia. Nikamuuliza kwa makusudi, "Nikifunge sauti?" Akatazama barabarani. "Hapana," akasema. "Hiyo umuwekee yote." Dukani kwake mpaka leo haviuzi. Binadamu ndivyo tulivyo, na utakutana naye Kisangani mara nyingi, kwa majina mengine na mashati mazuri zaidi.

Kwa sababu wale wa Kisangani waliokuita kazini wamekiona kisanduku, wamekipenda, na tayari kwenye simu wamekwambia maneno ninayoyajua. Tuanze na butoni moja. Tuweke kioo, kinapendeza. Tufanye rangi kama za watoto. Nilikusikia ukijibu "tutaona". Usijibu tutaona, Sakina. Neno hilo ndilo nililomjibu Kambale kabla ya kumjibu ndiyo.

Wakikwambia wazee hawawezi, uulize: mzee gani? Anaitwa nani? Umekaa naye lini? Wakikwambia wazee hawapendi kelele, uulize nani amewaambia, mzee au mtoto wake. Uulize kwa adabu kama nilivyokulea, lakini uulize mpaka wajibu. Na wakisema mwenye kulipa ndiye mwenye neno, waambie mama yako aliwahi kusema hivyo, na akalazimika kufungua kila kisanduku kwa mkono wake.

Usiwageuze wazee kuwa malaika pia. Babu yako alikiangusha kisanduku chake mwaka jana akasema ni paka. Hatuna paka. Wengine ni wachoyo, wengine waongo, wengine watakwambia kazi yako ni mbaya kwa sababu tu wameamka vibaya. Tengeneza hata kwa hao. Mtu hapaswi kuwa mwema ndipo asikie wimbo anaoutaka.

Utakosea. Kisanduku chako cha kwanza kule kitarudishwa, na yule atakayekirudisha hatakuwa na maneno matamu. Utasikia hasira kama niliyosikia mimi siku ya ile butoni nyekundu. Ikifika, usijitetee. Chukua kigoda, kaa mbele yake, mwache anyanyue mkono hewani akuonyeshe. Mimi nililijua jambo hili kwa ukaidi wako tu. Wewe ulilijua ukiwa na sare ya shule, kwa hiyo huna kisingizio.

Mjomba wako atasema nimekujaza kichwa. Aseme. Ukiwa ndani ya boti kesho, watu watakuuliza unaenda kufanya nini, kama alivyouliza yeye. Usishushe macho. Sema wazi, waambie hata wale wa nyuma wasikie.

Na jambo moja nililokuwa nalikwepa tangu nianze kuandika. Mwaka huu nimeanza kugeuza kichwa ninapojaribu redio za wateja, nizitegee sikio la kulia. Umeona, najua umeona, maana umekuwa unahamia upande huo ukitaka kunisemesha. Hukusema kitu, na mimi sikusema. Sasa nasema. Siyo siri wala siyo msiba. Ni kazi inayokuja kwako kutoka nyumbani kwenu.

Siku yangu ikifika, usimuulize daktari mama anahitaji nini. Usimuulize Salumu. Usijiulize hata wewe, kwa kuwa unanipenda na unafikiri unanijua. Njoo ukae mbele yangu uniulize mimi. Na nikikwambia ongeza, mwanangu, ongeza.

Mama yako,
Mwamini
Kindu